Nguo za Wasio na Mtu

Wadogo zangu mnaobaki pale kufulia, siku ya kuniaga mliniomba niseme maneno machache, nami nikasema machache kweli, maana chai ilikuwa inapoa na mganga mkuu alikuwa na safari. Sasa nina nafasi. Nyumba yangu hapa Somanda imekuwa kimya, binti zangu wako mbali na waume zao, na mikono iliyozoea kazi haijui ikae wapi. Kwa hiyo naandika. Vyeo sitavitaja kwa sababu sikupanda. Niliingia dobi, nikatoka dobi.

Nilianza miaka ile ya ruksa, Bariadi ikiwa bado mkoa wa Shinyanga. Maduka yalikuwa yameanza kujaa tena. Watu waliokuwa wamezoea kufua kwa majani ya mpapai sasa walisimama mbele ya rafu wakichagua sabuni kwa rangi na harufu. Mimi nilikuwa na mke, Ester, na mtoto mmoja wa kike, Kabula. Pamba ilikuwa imeniangusha misimu miwili, nikasikia hospitali inatafuta watu. Nilidhani nitawekwa getini. Nilikuwa nimeazima hata koti la kuvaa getini.

Karani akanitazama koti, akanitazama mabega, akasema, "Wewe una nguvu. Nenda kufulia."

Kule nilimkuta mama mmoja mfupi, mweusi tii, amevaa aproni ya mpira na mabuti makubwa kuliko miguu yake. Wote walimwita Mayu Minza. Mayu kwetu ni mama, na hakuna aliyemwita vinginevyo, hata madaktari. Nikamwamkia, "Mwangaluka, mayu." Akaitikia huku anakoroga pipa la mashuka kwa mwiko mrefu wa mti, kama mtu anayepika ugali wa msiba.

"Umeshawahi kufua?" akaniuliza.

"Nilifuliwa na mama, halafu dada zangu, sasa nafuliwa na mke."

"Basi leo unaanza kuwalipa," akasema, akanipa aproni.

Asubuhi ile wanaume wawili watatu niliowafahamu walipita pale nyuma makusudi, waone mtoto wa kiume wa Kisukuma akifua mashuka ya wodi ya wazazi. Niliinama sana siku ile. Mayu Minza hakuwafukuza. Alinifundisha tu, kwa sauti ya kawaida, kana kwamba wale ni kuku. Damu ianze na maji baridi, kwa sababu maji ya moto yanaigandisha kwenye nyuzi. Kila shuka likung'utwe kabla ya kuingia kwenye maji. Nilicheka, lakini miaka iliyofuata nilikung'uta mikasi, sindano, betri za redio, rozari, na mara moja kipande cha muhogo uliochomwa, bado wa moto. Magadi yawekwe kidogo, maana yanakula kitambaa. Shuka la upasuaji lichemke peke yake. Mengine yote, alisema, utayajua kwa pua.

Jambo moja hakunifundisha. Nililiona mwenyewe.

Kazi yetu ilikuwa nguo za hospitali, yaani mashuka, magauni ya upasuaji na vitambaa vya kufungia vyombo. Nguo za mgonjwa mwenyewe zilifuliwa na ndugu zake kwenye mabomba ya nje, na bado ni hivyo. Lakini saa ya chakula cha mchana Mayu Minza hakuwa anakula na sisi. Alikuwa anakwenda nyuma ya tangi la maji na beseni la bluu. Siku moja nilikwenda kuchota maji nikamkuta anafikicha kanga iliyochakaa, na pembeni gauni la mwanamke na soksi za mtoto.

"Za nani hizi, mayu?"

"Za mtu."

"Ndugu yako amelazwa?"

Akanitazama kama mtu anayehesabu iwapo jibu litafika. "Hapana," akasema. "Ni mtu tu. Hana wa kumfulia."

Basi. Hakunieleza zaidi wala hakuniomba nimsaidie. Alisali kanisa moja na mimi, benchi la nyuma upande wa wanawake, na sikuwahi kumsikia akishuhudia jambo lolote. Wengine walisimama kila Jumapili kueleza waliyomtendea Bwana. Yeye aliimba, akatoa sadaka, akaenda zake. Alhamisi Kuu mchungaji alituosha miguu, miguu ambayo sisi wote tulikuwa tumeshaisugua nyumbani kwa jiwe ili tusiaibike, na nilipomwona Mayu Minza ameketi pale na miguu yake iliyopasuka kwa magadi, nilijua kuna kitu anakifahamu ambacho mimi sikifahamu. Sikumuuliza. Vijana tulikuwa hatuulizi.

Baadaye kukaja kupunguza wafanyakazi. Serikali ilikuwa inapunguza kila mahali, na sisi tuliokuwa watano kufulia tukabaki wawili. Mayu Minza aliambiwa apumzike. Akakunja aproni, akaniachia mwiko, akarudi kwao Binza, kule Maswa. Beseni la bluu aliliacha nyuma ya tangi. Sikuligusa muda mrefu. Lilijaa majani na maji ya mvua, likakauka, likajaa tena.

Ndio miaka ugonjwa ule ulipotushika. Mnajua ninaousema. Nyinyi mmeukuta una dawa, mtu anakuja kliniki, anachukua vidonge, anaenda shambani. Wakati ule haukuwa na kitu. Waliletwa wamekwisha, na hofu ikawa kubwa kuliko ugonjwa. Ndugu walileta mgonjwa, wakakaa siku mbili, wakaaga kwamba wanafuata chakula. Mabomba ya nje yaliyokuwa na kelele za wanawake wakifua na kusengenyana yalianza kuwa kimya, na kwenye wodi ya wanawake, kitanda cha mwisho karibu na dirisha, alilazwa mwanamke wa Lamadi anayeitwa Milembe.

Alikuwa mfanyabiashara wa dagaa. Waliowahi kununua kwake walisema alikuwa mnene, mcheshi, na kipimo chake kilijaa. Mimi nilimkuta ni macho na mifupa. Aliletwa na jirani, jirani akaondoka. Kila nilipopita na toroli kukusanya mashuka nilimwona na kanga ileile, gauni lilelile, amegeukia ukutani kwa aibu ya harufu yake mwenyewe. Shuka lake nilikuwa nalibadilisha. Nguo zake hazikuwa kazi yangu.

Sina maelezo mazuri ya kilichonisukuma. Nililiendea tu beseni, nikamwaga majani yake, nikaliosha. Kisha nikamwomba Nesi Yustina, aliyekuwa zamu ya wodi ile, anipe nguo za yule mama wa dirishani.

"Za nini?" akauliza.

"Nikazifue."

"Nani amekwambia?"

"Hakuna."

Yustina alikuwa mwanamke wa maneno machache. Akamvalisha Milembe gauni la hospitali, akanipitishia furushi dirishani. Nililifua nyuma ya tangi saa ya chakula, nikalianika kwenye seng'enge pale jua linapowaka, jioni kabla ya kuondoka nikalikunja na kuliacha chini ya kitanda chake akiwa amelala. Ikawa hivyo kila baada ya siku chache. Halafu wakaongezeka wengine, mama mmoja wa Kiloleli na binti mdogo sana ambaye sikuwahi kujua jina lake. Wengi hawakujua nani anafua. Walidhani ni utaratibu wa hospitali.

Siku moja napita na toroli, Milembe akaniita.

"Kaka wa mashuka. Umemwona dada yangu?"

"Dada yako?"

"Anakuja nikiwa nimelala. Ananifulia, anaondoka. Anakunja vizuri hivi tangu tukiwa watoto."

Nilishika toroli. Nikimwambia hakuna dada, namwondolea dada. Nikasema, "Sijamwona, lakini wanakuja wengi saa ile."

"Ukimwona mwambie ajisikie yuko kwao," akasema, akafumba macho.

Nilikwenda kufulia nikasimama mbele ya pipa. Mwenzangu akaniuliza kama moshi umeniingia. Nikasema ndiyo.

Sasa, mji mdogo hauna siri. Hawakujua kwamba nafulia wasio na mtu. Walichojua ni kwamba mume wa Ester anaonekana nyuma ya tangi na nguo za ndani za wanawake wenye ugonjwa ule. Habari ilifika sokoni kabla yangu. Kanisani benchi letu likapata nafasi. Nilikuwa naimba besi kwaya, mwalimu wa kwaya akaniambia nipumzishe sauti kidogo, ingawa sauti yangu haikuwa imechoka. Kwenye chai ya baada ya ibada kikombe changu kilipigwa alama chini kwa rangi ya kucha. Nilikiona nilipokigeuza kukisuuza. Nilikirudisha mezani nikaenda nyumbani, na sikumwambia Ester.

Hakuhitaji kuambiwa. Jioni moja alinikuta nje nanawa, akasimama mlangoni na Kabula nyuma yake na mdogo wake mgongoni.

"Baba Kabula, ni kweli unafua nguo zao?"

"Ni kweli."

"Kazini wamekulazimisha?"

"Hapana."

"Daktari amekutuma? Mchungaji?"

"Hapana."

Kisha akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza, "Ungekuwa umetumwa ningejua la kuwajibu watu. Hao wagonjwa wenyewe wanajua ni wewe?"

"Hawajui."

"Basi unamfulia nani?"

Nilikuwa na sabuni mkononi. Sikuwa na jibu ambalo mwanamke mwenye watoto wawili wadogo angeweza kulishika akasimama nalo kisimani. Kesho yake alikwenda kwao Kiloleli na watoto. Alinipikia kwanza, akafunika chakula.

Nilimfuata Kiloleli baada ya muda. Mkwe wangu alinipa kiti uani, mbali na mlango, watoto wakazuiwa ndani. Niliwasikia wakicheka humo. Ester alitoka tukakaa tumeelekeana kama watu wa kesi.

"Ukiacha, narudi nawe leo," akasema. "Sijakukataa. Naogopa, basi."

"Daktari anasema kufua hakuambukizi, ukivaa glovu."

"Daktari halali na mimi."

Nilitaka kumwambia habari za dada yake Milembe, nikaona nitaonekana mwendawazimu. Nikasema nitafikiri. Njiani kurudi nilifikiri kweli, na nilipofika Bariadi nilikuwa nimeamua kuacha. Asubuhi nikapita wodini, nikaona furushi limeshawekwa dirishani. Nikalichukua.

Siwaambii haya mnione shujaa. Nilirudi kila jioni kwenye nyumba iliyofungwa, nikala nilichopika vibaya, nikasali maneno yaleyale nikihisi yanagonga bati na kurudi. Nilimuuliza Mungu swali la Ester, naye hakunijibu. Nilikuwa na mke hai na watoto hai, na nilikuwa peke yangu kama waliolala kwenye vitanda vile. Pengine kwa sababu hiyo niliendelea kwenda. Kule wodini sikuwa mgeni.

Milembe alidhoofu. Mara ya mwisho kuongea naye, sauti yake ilikuwa ya kusogezewa sikio. Nesi Yustina alikuwa anamlisha uji kwa kijiko.

"Kaka wa mashuka," akasema, "dada amekuja leo?"

"Amekuja."

"Mwambie wabeja." Asante, yaani. Akapumzika, akatafuta pumzi. "Mwambie mikono yake isichoke."

"Nitamwambia."

Akanitazama mikono. Magadi yalikuwa yameshaichuna, kama ya Mayu Minza. Kisha akageukia dirishani, upande wa mwanga.

Alifariki siku iliyofuata, mchana. Mama yake ndiye aliyekuja kumchukua, kikongwe aliyeletwa juu ya gari la wanunuzi wa pamba kwa hisani ya dereva. Hakuwa na mtu mwingine. Alikuwa hajui hata binti yake yuko hospitali gani, mpaka yule jirani alipomwambia. Nilikuwa wodini navua shuka la kitanda kile Yustina alipomkabidhi vitu vya marehemu, kanga mbili, gauni, kitambaa cha kichwa. Kikongwe alizipokea kwa mikono miwili, akakaa kwenye kitanda cha jirani. Nadhani alitegemea uchafu, kwa sababu alikuwa amekuja na mfuko wa plastiki. Akafungua ile kanga ya juu, akaiona imekunjwa, akaileta puani. Akainusa muda mrefu.

"Nani alikuwa anamfulia?" akauliza.

Yustina akanitazama. Niliinamia shuka. Nikasema, "Alituambia ni dada yake, mayu. Anakuja wakati amelala."

Yule mama alinitazama bila kuelewa.

"Alikuwa na dada mmoja tu," akasema. "Tulimzika kabla huyu hajaanza kuugua. Yeye mwenyewe ndiye aliyemvalisha."

Wodini palisikika kijiko kikianguka upande wa pili. Mimi nilisimama na shuka mkononi nikizirudia siku zote zile. Anakuja nikiwa nimelala. Mwambie ajisikie yuko kwao. Alikuwa anajua. Tangu siku ya kwanza alikuwa anajua, na kwa kuwa mimi nilitaka nisionekane, aliniheshimu, akanipa jina la mtu aliyempenda ili aweze kunishukuru.

Kikongwe aliikunja kanga upya kwenye mikunjo yake ileile. "Basi alikuwa na mtu," akasema. Hakulia mpaka hapo. Akarudia kwa Kisukuma, polepole, akijiambia mwenyewe, kwamba mwanawe alikuwa na mtu. Ule mfuko wa plastiki aliuacha kitandani. Nguo alizibeba kifuani.

Nilimsindikiza mpaka kwenye gari. Sikumwambia. Mara nyingi nimejiuliza kama ningemwambia. Nafikiri hakuhitaji jina langu, alikuwa amepata alichohitaji, nami pia. Usiku ule nyumba ilikuwa tupu vilevile na uji niliopika uliungua vilevile, lakini nilisali na sikuuliza tena swali lile.

Ester alirudi Kabula alipofika umri wa shule. Nilitoka kazini nikamkuta anafagia uwanja. "Nimekuja," akasema, "usiniulize kitu." Sikuuliza. Tulikaa pamoja miaka mingi baada ya hapo, kwa amani. Nilikuwa naoga kazini, nabadilisha nguo kabla ya kuingia ndani, na mabeseni yetu yalikuwa mbalimbali. Kwaya ilinirudisha, besi zilipokwisha. Kazini tuliletewa mashine ya umeme, kubwa kama kibanda, ikafua vizuri mpaka iliposubiri kipuri kutoka mbali, nasi tukarudi kwenye pipa. Mitumba ikajaa, wagonjwa wakaanza kuja na mashuka yao yenye maua na picha za vikatuni vya Wazungu, mtu anapumua kwa shida huku amefunikwa na bata anayecheka. Kisha zikaja dawa. Taratibu mabomba ya nje yakapata tena kelele zake, na kuna majuma nililiinua beseni nikakuta hakuna wa kumfulia. Nilifurahi. Lakini niseme kweli, nilikuwa nasimama pale nyuma ya tangi saa ya chakula bila la kufanya, na sikuwa nimejifunza kula na watu.

Habari za Milembe nilimsimulia Ester miaka hiyo ya mwisho, presha ilipokuwa imemweka ndani. Nilisimulia yote, mpaka kikongwe na kanga. Alisikiliza akiwa ameegemea ukuta.

"Ungeniambia wakati ule," akasema.

"Ulikuwa Kiloleli."

"Ulifika Kiloleli mara moja. Ungekuja mara ya pili."

Alikuwa amesema kweli. Niliweza kumpa mgeni saa yangu ya chakula kila siku, na mke wangu nilimpa safari moja. Alinishika mkono, hakuvaa glovu, tukakaa hivyo mpaka giza likaingia. Tulimzika mwaka uliofuata.

Kwa hiyo ninyi mnaobaki, nawaomba mambo ya kawaida tu. Magadi kidogo. Kung'uta kwanza. Na mkiona mtu ana nguo ileile siku ya tatu, msimuulize ndugu zake wako wapi, anajua kuliko nyinyi. Lakini nyumbani semeni mnachofanya. Bwana anaona sirini, sawa, ila mke haoni sirini, na si kosa lake.

Juzi nilishindwa kukaa. Nikachukua beseni na kipande cha sabuni, nikaenda hospitali saa ya kuona wagonjwa. Getini yuko mlinzi mpya, kijana wa Maswa, hanijui. Akanisimamisha kwa adabu.

"Shikamoo, mzee. Una mgonjwa?"

"Marahaba. Ninaye."

"Wodi gani?"

"Ya wanaume, nadhani. Au ya wanawake."

Akaangalia beseni, akaangalia mikono yangu. "Mgonjwa wako anaitwa nani, mzee?"

"Bado sijamjua," nikamwambia.

Alifikiri kidogo. Kisha akasogeza mnyororo, nikapita.